Silvina wa Alhamisi

Anselmo Bertoldi alikufa mwezi wa Februari, na hapa Buenos Aires hakuna mwezi mbaya wa kufa kama huo, kwa sababu ni joto kali na wanasaikolojia wote wamekwenda zao likizo baharini. Mji mzima unaachiwa kichwa chake wenyewe. Watu wanatukanana kwenye foleni ya benki, ndoa zinavunjika kwa ajili ya feni, na ukimwuliza mtu ana nini anakujibu kwamba daktari wake harudi mpaka Machi. Basi Anselmo, fundi wa lifti aliyekuwa amestaafu, ambaye kila Alhamisi kwa miaka ishirini na kitu alikwenda kulala kwenye kochi la Daktari Perla Grinstein na kusema ya moyoni, alizikwa wakati Daktari Perla ameketi mchangani na kofia yake. Hakuna aliyempigia simu. Mjane, Zulema, namba alikuwa nayo, akaacha kuipiga kwa kusudi.

Tusimlaumu haraka. Zulema alikuwa na wivu na mwanamke yule, na ulikuwa wivu wa aina mbaya kabisa, kwa sababu haukuwa na pa kushika.

Walikuwa wamejaliwa mtoto mmoja tu, Silvina. Alipofika miaka tisa, Jumapili moja asubuhi, Silvina alitaka kwenda mwenyewe kwenye duka la mikate la ng'ambo ya barabara kuu kununua medialuna, vile vimkate vitamu vilivyopindwa ambavyo bila hivyo Jumapili si Jumapili. Anselmo akaweka chini kikombe chake cha mate, yale majani machungu yanywewayo kama chai, akainuka amsindikize. Zulema akamwambia amwache. Mtoto ameshakua, atamdekeza mpaka lini? Anselmo akaketi. Dereva wa basi alisema baadaye kwamba hakumwona, na watu waliokuwepo walisema ni kweli, asingeweza kumwona.

Sasa sikilizeni jambo lililomla Zulema. Anselmo hakumlaumu. Siku ile hakumlaumu, kwenye maziko hakumlaumu, na baada ya hapo hakusema neno. Jina la mtoto halikutamkwa tena katika nyumba ile. Zulema alikuwa akilisubiri lile neno mezani, akilisubiri kitandani, akilisubiri kila mumewe alipovuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza kusema. Angesema tu, ungeniacha niende naye. Zulema angelia, wangegombana, wangejua wako wapi. Siku moja alivunja sahani makusudi akamwambia, sema basi. Anselmo akachukua ufagio, akazoa vipande, akamwuliza kama amejikata.

Baada ya mwaka hivi Anselmo alirudi kutoka kazini na habari. Alikuwa anatengeneza lifti ya jengo moja mtaa wa Palermo, ikakwama yeye akiwa ndani pamoja na bibi mmoja mpangaji, na mpaka wanatolewa walikuwa wameshaongea mambo mengi. Bibi huyo alikuwa mwanasaikolojia, na yeye Anselmo angeanza kwenda kwake siku za Alhamisi. Akayasema hayo huku anakata nyama. Zulema akasema vizuri.

Loo, hizo Alhamisi. Anselmo alikuwa anavaa shati la kutokea, na aliyelipiga pasi ni nani kama si Zulema? Alirudi uso umelegea kama mtu aliyetoka kuoga, akala sahani mbili, mara nyingine akapiga mluzi wakati anavua viatu. Ijumaa akafunga mdomo tena. Wifi yake Zulema, dada wa Anselmo, mwanamke mnene mwenye cheko aitwaye Pocha, ndiye pekee aliyesikia Zulema akilalamika. "Angekuwa na hawara, wifi, ningejua la kufanya. Ningekwenda kumvuta nywele tukamalizana. Huyu nitamfanya nini?"

Kwa maana Zulema alikuwa na hakika kwamba yale yote mumewe aliyomnyima, lawama yote, chuki kama ipo, alikuwa anaimwaga kule Palermo. Alipokufa, moyo ukasimama tu akiwa anafunga kamba ya kiatu, alimwachia Zulema swali moja, na jibu lake lilikuwa kichwani mwa mwanamke mwingine.

Machi ilipofika na wanasaikolojia wakarudi, Pocha alijaribu kwanza kumtibu kwa njia zake. Pocha amebadilisha wanasaikolojia kama wengine wanavyobadilisha wasusi, na kila shule ya tiba anaijua kwa kuonja. Akampeleka wifi yake kwa kijana mmoja safi, wa wale wasemao maumivu yanatoka kwenye mawazo yaliyopinda, na wazo lililopinda hunyooshwa kwa kuulizwa ushahidi. Wazo lako ni lipi, bibi? Kwamba nilimwua mwanangu. Ushahidi uko wapi? Zulema akampa ushahidi wote kwa utaratibu, tangu kikombe cha mate mpaka basi. Kijana akakohoa, akasema leo wafanye zoezi la kupumua.

Wa pili alikuwa mama mmoja wa makubadhi na shanga, wa shule nyingine kabisa. Huyu alimwekea kiti kitupu mbele yake akamwambia amwone Anselmo ameketi pale, amwambie yote, halafu ahamie kwenye kiti hicho ajijibu kwa sauti ya marehemu. Zulema alikitazama kile kiti.

"Mwenyewe alipokuwa anakikalia alikuwa hajibu," alisema, "sembuse kiti kitupu." Akachukua mkoba wake.

Pocha alicheka mpaka wakafika kituo cha basi, kisha akaacha kucheka. Akamshika wifi yake mkono akamwambia anazunguka bure, anayemtaka anamjua, na yeye Pocha ameshampigia simu mwanamke huyo jana, amempa habari ya msiba, na mwenyewe amesema njoo Alhamisi saa ile ile ya Anselmo.

Akaenda. Lifti ilikuwa ile ya mlango wa vyuma unaokunjwa kwa mkono, nayo ilipanda bila kutikisika hata kidogo, na Zulema akajua ni nani aliyekuwa akiitunza. Njia nzima alikuwa ameshika swali lake mdomoni asije akalipoteza. Je, alinilaumu? Basi. Hakuwa na haja ya lingine. Kama jibu ni ndiyo, angeshukuru, angekwenda nyumbani akalilia jambo analolijua.

Daktari Perla alikuwa bibi mdogo, mzee kuliko alivyomfikiria, miwani minene, sweta limechakaa viwikoni. Wivu wa miaka yote ile, kumbe ulikuwa juu ya sweta hilo. Kochi lilikuwa ukutani, na Zulema akajizuia asilitazame. Wakaketi kwenye viti viwili. Daktari Perla hakunyamaza kama wanavyonyamaza wenzake. Alimshika mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, macho yamemjaa, akasema pole sana, hana la kusema, Anselmo alikuwa mtu mwema. Halafu akasema hivi:

"Na Silvina anaendeleaje? Nimemfikiria sana tangu nilipopigiwa simu. Aliwahi maziko, au ile barabara ndefu ya kutoka Mendoza ilimchelewesha?"

Zulema hakuelewa. Akadhani amesikia vibaya, maana jina hilo alikuwa hajalisikia kinywani mwa mtu kwa muda mrefu mno.

"Silvina gani?" akauliza.

"Binti yenu." Daktari Perla alitabasamu kidogo, kwa huruma, kama mtu aliyezoea kuona wafiwa wakichanganyikiwa. "Daktari wa mifugo."

"Silvina ana miaka tisa," Zulema akasema. Kisha akajisikia alivyosema, akarekebisha. "Alikufa na miaka tisa. Basi lilimgonga. Hajawahi kufika Mendoza."

Mikono ya Daktari Perla ilibaki pale pale ilipokuwa, lakini ilipoa. Akauliza lini. Zulema akamwambia mwaka. Yule bibi akahesabu kimoyomoyo, ukaona midomo inacheza, na alipomaliza hesabu akavua miwani, akaiweka mapajani na kuanza kuifuta kwa ncha ya sweta. Aliifuta muda mrefu sana. Mwaka mmoja kabla ya ile lifti kukwama.

Hapo mtu atauliza, mtu wa elimu kama yule anadanganywaje miaka ishirini na zaidi? Anadanganywa kwa sababu ya kazi yenyewe. Fundi wa nafsi wa shule ya kochi kazi yake ni kusikiliza anachosemewa. Haendi kugonga mlango wa majirani, haombi picha, hapigi simu nyumbani, na akifanya hivyo amekiuka miiko ya ufundi wake. Mgonjwa akisema nina binti, basi kuna binti. Kila Alhamisi Anselmo alilala chali akamkuza mwanawe. Akamwingiza sekondari, akamgombanisha na mwalimu wa hesabu, akamnunulia sare, akamkataza mpenzi mmoja mwenye pikipiki na kumkubali mwingine. Na Perla, kwenye kiti chake nyuma ya kochi, akamtibu Anselmo woga wa baba anayeshindwa kumwachia binti aende zake. Alimtibu vizuri. Silvina alipohamia Mendoza, Anselmo alilia kidogo tu, na Perla alijisifu moyoni.

Haya yote Zulema aliyajua baadaye, vipande vipande. Siku ile alitoka bila kuuliza swali lake. Alishuka kwa ngazi, hakutaka ile lifti.

Wiki nzima alikuwa na hasira ambayo hata Pocha aliiogopa. Haikuwa hasira ya kudanganywa. Pocha alipomsimanga kaka yake kwamba alikuwa mwongo na mwenda wazimu, Zulema alimkata kauli. Uongo haukumuuma. Kilichomuuma ni kwamba Anselmo alikuwa anakwenda kumwona mtoto, akavaa shati zuri akaenda kukaa na mwanawe saa nzima kila wiki, na yeye akaachwa nyumbani na pasi. Kila mwezi Zulema alikuwa anapanda basi peke yake na maua mpaka makaburi ya Chacarita, na Anselmo hakukanyaga huko hata mara moja, na yeye akadhani ni chuki. Sasa akaelewa. Hakwenda kwa sababu hakuwa na mtoto makaburini. Mtoto wake alikuwa Mendoza, anakanda matumbo ya ng'ombe. Tulimgawana, akafikiri Zulema, na mimi nikapewa yule mfu.

"Angenichukua na mimi," alimwambia Pocha. "Ningekaa kimya. Ningesikiliza tu."

Pocha alikwenda jikoni akaweka maji motoni.

Alhamisi iliyofuata Zulema akavaa vizuri, akapaka hata rangi ya mdomo, akarudi Palermo. Daktari Perla alifungua mlango kabla hajagonga, na alionekana hajalala. Alikuwa hata amekwenda kumwona mzee aliyemfundisha kazi, maana hata wao wana wa kuwasikiliza, na mzee amemwambia kwamba alichokisema Anselmo kilikuwa kweli kwa Anselmo, na kweli hiyo ndiyo tu inayotibiwa, na kwamba siri ya mgonjwa haifi na mgonjwa.

"Kwa hiyo siwezi kukupa, Zulema," akasema. "Ni siri yake."

"Siri ya nani? Huyo mtoto nimemzaa mimi."

Daktari Perla alivua miwani.

"Nina haki ya kujua mwanangu alikuaje," Zulema akasema. "Alikuwa mrefu? Nywele alikata? Miguu yake ilikuwa inaingia ndani kidogo, tulikuwa tumvalishe viatu vya kunyoosha. Ilinyooka?"

Yule bibi aligeuka akatazama dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alisema, bila kugeuka, kwamba yeye pia alimjua Silvina tangu mdogo, kwamba wiki iliyopita alimpoteza, na kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kumpa pole bila kumcheka. Zulema hakuwa amelifikiria hilo. Alikuja akiwa na wivu na mwanamke aliyemchukulia mume, akakuta mwanamke aliyefiwa na mtoto asiyekuwepo, na badala ya kufurahi akajikuta anamsogezea boksi la karatasi laini lililokuwa mezani kwa ajili ya wagonjwa.

Wakaketi kwenye viti vile vile viwili. Kisha Zulema akainuka, akaenda kwenye kochi. Kichwani kulikuwa na kitambaa kidogo cheupe, na katikati kochi lilikuwa limebonyea kidogo upande wa kushoto, kama kitanda chao nyumbani. Akalala. Juu alipokuwa anatazama Anselmo kulikuwa na dari tupu na ufa mmoja mwembamba. Akasikia Perla akija kuketi kwenye kiti chake cha nyuma, kwa mazoea tu ya miaka.

Na akiwa amelala pale, bila mtu kumwuliza, Zulema akaisema ile Jumapili. Hakuwahi kumwambia mtu. Yule kijana wa ushahidi alipewa mambo yalivyotokea, lakini hakupewa hili, kwamba Anselmo alipoinuka na kikombe chake, yeye Zulema alijawa na hasira ndogo, ya kijinga, kwa sababu mumewe hajawahi kuinuka hivyo kwa ajili yake. Hakusema mwache aende kwa sababu mtoto amekua. Alisema kwa wivu. Halafu akarudi kuosha vyombo, bomba limefunguliwa, ndiyo maana hakusikia breki. Anselmo alisikia. Alimwona Anselmo anapita mbio mlangoni, soksi tupu miguuni, akafikiri, huyu naye, hawezi hata kungoja.

"Nilitaka kujua jambo moja tu," akauambia ule ufa wa darini. "Kama alinilaumu. Usinipe mengine. Hata ya viatu, yaache. Nipe hilo."

Ukapita muda. Katika kazi ile muda kama huo ni kawaida, na Zulema alifikiri ndilo jibu lenyewe, kwamba hata huku atanyamaziwa. Alianza kutafuta mkoba wake kwa mkono.

"Jumapili ya medialuna," Daktari Perla akasema nyuma yake. Sauti ilikuwa imekauka. "Aliisimulia mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Miaka yote. Hata Januari hii, kabla sijaenda likizo. Nilikuwa namwambia, Anselmo, mbona unaturudisha hapo, kuna nini hapo? Nilidhani najua. Nilidhani anaogopa binti kukua."

"Alisemaje?"

"Alisema aliinuka amsindikize, wewe ukamkataza, akaketi. Akakuchukia. Alisema hivyo hivyo, nilimchukia mke wangu. Akasimama dirishani na roho mkononi."

Zulema akafumba macho. Ndilo hilo alilolifuata, na sasa alikuwa nalo.

"Halafu akamwona anarudi," Perla akaendelea. "Anavuka barabara, amekumbatia mfuko wa karatasi, sukari imemjaa mdomoni, anatembea kama mtu mzima. Akasema, hapo nikajua Zulema alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mwoga. Kila mara alimalizia hapo. Nikamwuliza, basi kwa nini hili linakurudia? Akasema, kwa sababu sijawahi kumwambia."

Nje lifti ilipanda ikapita, karibu bila sauti. Zulema hakuwa mjinga. Alijua vizuri alichopewa. Mumewe alimsamehe, ila alimsamehe kule tu ambako mtoto alirudi, kule ambako hapakuwa na cha kusamehewa. Huku, alikoishi yeye, Anselmo alizoa vipande vya sahani. Ilimwuma mahali ambapo alidhani pameshakufa ganzi, na bado hakutaka Perla anyamaze.

"Nani alimfungulia mlango?" akauliza.

"Wewe. Ukahesabu mikate, ukakuta mmoja haupo. Ukamgombeza kwa kula njiani."

Zulema alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Ndiyo," akasema. "Hapo ni kweli. Ningemgombeza."